Kidole cha Linus

Haya yalimpata Bridget, ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee hapa Woolwich. Alichoka kulala chumba kimoja na bintiye, akaamua kuitoa kompyuta ya zamani ya marehemu mumewe, Linus, ambayo pamoja na meza, televisheni na kanda zake ilijaza chumba kidogo. Aliyetaka kuichukua alisema hataki mbovu, kwa hiyo ilibidi aijaribu kwanza.

Kompyuta ile ilisoma michezo iliyorekodiwa kwenye kanda za redio kaseti, kwa mlio mkali wa kukwaruza, na redio yenyewe ilikuwa na vituko. Mtu asipokandamiza kifuniko kwa kidole hadi mchezo uishe kusomwa, kanda ilinyamaza. Linus alikuwa akikaa pale akikandamiza upande uleule, chai yake ikipoa.

Jioni hiyo giza lilikuwa limeshaingia. Bridget akaiwasha, kanda ikakwama.

"Hata wewe umechoka," akaiambia, akarudi jikoni kugeuza chapati.

Mlio ukaanza, ule mkali wa kukwaruza, ukaendelea bila kukatika.

"Tatiana, usikiachilie hicho kifuniko," akapaza sauti.

"Kifuniko gani, Mum? Niko hapa," bintiye akajibu nyuma yake, kwenye sinki, mikono imejaa povu.

Wakaenda wote hadi mlangoni. Chumbani hamkuwa na mtu. Kifuniko kilikuwa kimebonyea upande mmoja, palepale pa siku zote. Mlio ulipokwisha, kikainuka polepole.