Chupa ya Chausiku

Suruali ya Twalha ilipasuka makalioni katikati ya soko la Bagamoyo, siku mbili kabla ya Idi, watu wakiwa wamejaa hadi barabarani. Alikuwa ameinama kuokota nazi iliyomponyoka. Mwanamume mzima wa miaka thelathini na minne, mgawa dawa wa kituo cha utafiti, shati limenyooshwa kwa pasi hadi mikononi, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye baraza la mafundi cherehani.

"Kaka, mbona unaingia kwa mgongo?" aliuliza fundi mmoja bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Usiniulize, dada. Nishonee tu."

"Nikushonee nayo mwilini, au utaivua?"

Baraza zima lilicheka. Fundi akamtupia kanga, na Twalha akakaa kwenye benchi amejifunga kama mama wa uzazi, huku wanawake waliofuata madera yao wakimtazama bila haya. Yeye alimtazama fundi. Msichana mwembamba, dera la zambarau, mtandio umeteleza begani, vidole vyepesi. Macho yake yalikuwa na umanjano ambao mtu mwingine angepita asiuone. Twalha aliuona, maana ndiyo kazi iliyompa mkate.

"Una selimundu," alisema kwa sauti ya chini.

"Na wewe una bukta yenye tundu. Kila mtu na siri yake."

Jina lake Maulida, kwao Zinga. Twalha alimweleza kwamba kituoni kwao wanajaribu dawa mpya ya ugonjwa huo wa damu, na kwamba wanatafuta wagonjwa. Maulida alikuja baada ya sikukuu, Dokta Blandina akampima na kumwandikisha. Kila mfanyakazi wa kituo alikuwa ameahidi kutojihusisha kimapenzi na mgonjwa wa utafiti. Twalha aliishika ahadi hiyo muda mfupi sana, na Maulida hakumsaidia hata kidogo.

"Umemeza, mpenzi?" Twalha alikuwa akimpigia simu kila asubuhi.

"Nimemeza. Mbona huulizi kama nimekula?"

"Umekula?"

"Nakusubiri wewe ulete chapati. Mapenzi ya simu hayashibishi."

Jambo moja tu liliwagombanisha. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu vidonge vya unga mtupu, vyenye rangi ileile na umbo lilelile. Mgonjwa hakujua anameza nini, mgawa dawa hakujua, hata daktari hakujua. Kila mtu alikuwa na chupa yenye namba yake, na maana ya namba ilifungiwa mbali, kwa wataalamu ambao hawajawahi kuwaona wagonjwa hao.

"Ni ukatili," alisema Maulida siku moja, wakinywa juisi ya miwa karibu na stendi. "Mtu anaumwa mifupa, unampa unga."

"Bila hivyo hatutajua kama ni dawa iliyomponya au ni bahati yake. Hata madaktari wanabishana juu ya hilo, mmoja anasema ni dhuluma, mwingine anasema dhuluma ni kuwapa watu dawa isiyojulikana."

"Wabishane. Mimi nataka kujua yangu. Ni unga?"

"Sijui, mpenzi. Wallahi sijui."

"Na ungejua je?"

Twalha alivuta mrija wake hadi glasi ikaisha. Swali lile lilimwingia na halikutoka tena.

Miezi miwili baadaye maumivu yalimwangusha Maulida, akalazwa. Alikuwa amejikunja kitandani, anauma ncha ya mtandio asipige kelele. Mchana huohuo Chausiku wa Kiwangwa alikuja kuchukua chupa yake. Huyu naye alikuwa mgonjwa wa utafiti, muuza mananasi, mama wa watoto watatu, na alikuwa amenawiri kweli, mashavu yamejaa, kicheko kinasikika tangu getini.

"Kaka Twalha, mwenzio sijalazwa tangu nianze," alisema. "Hii dawa yenu ni dawa."

Twalha aliyatazama mashavu yale na kuyachukia. Dokta Blandina alikuwa ameshawaambia wafanyakazi wote kwamba dawa hii huchelewa kufanya kazi, kwamba watu wawe na subira, na kwamba mwenye selimundu huweza kupata nafuu bila dawa kwa msimu mzima kisha akaanguka. Twalha alikuwapo aliposema hayo, tena mstari wa mbele. Lakini mapenzi hayasomi, na kiburi kinadhani kimeshasoma vyote. Alimwomba Chausiku asubiri kidogo, akafunga mlango wa stoo, akabandua lebo ya Chausiku na lebo ya Maulida, akazibadilisha. Tangu hapo alifanya vivyo hivyo kila mwezi.

Maulida hakupona. Alizidi. Alilazwa tena na tena, na mwisho picha ilionyesha kwamba mfupa wa nyonga ya kushoto umekufa. Fundi anayekanyaga cherehani kwa miguu akawa anatembea kwa mkongojo. Twalha alimnunulia wenye mpini wa mpingo, akajiambia kwamba bila ujanja wake mtoto wa watu angeshazikwa.

Utafiti uliisha. Wagonjwa waliitwa, wakakaa ukumbini na wapambe wao, na Dokta Blandina akatangaza kwamba dawa inafanya kazi. Kisha akawaambia mmoja mmoja walichokuwa wakipewa. Chausiku alikuwa wa unga.

"Unga?" Chausiku alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ni mananasi yangu yaliyoniponya."

Maulida alikuwa wa dawa ya kweli, tangu siku ya kwanza.

Twalha alikuwa amesimama ukutani. Dawa ilikuwa mkononi mwa Maulida, na yeye, kwa huba, alimpokonya akampa unga. Dokta Blandina aliendelea kusema kwa upole kwamba waliokuwa wa unga sasa watapewa dawa, lakini wale ambao dawa imewashinda hawataendelea nayo, kwa kuwa inaelemea damu na hakuna maana kumlisha mtu sumu isiyomfaa. Alimtazama Maulida, akamwambia pole.

Nje, Maulida alijiegemeza kwa Twalha. "Basi mwili wangu ndio mbovu, si dawa. Angalau nimejua. Tuoane haraka, kabla mguu wa pili haujanikimbia."

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu, na Maulida angerudishiwa dawa yake. Lakini neno hilohilo lingemwondoa maishani mwake, na Twalha alilijua hilo, akalimeza. Akasema, "Inshallah, mpenzi." Akapeleka washenga.

Siku ya kupeleka mahari nyumba ya Zinga ilinukia udi na pilau. Maulida alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, hina imekolea hadi viwikoni, na uso wake ulikuwa wa kijivu chini ya poda. Wanawake walipokuwa wakipiga vigelegele, Twalha aliruhusiwa kumsalimia uani. Alimkuta ameketi mkekani, mkono kifuani, anahema kwa shida.

"Kimeanza kifua sasa," alisema Maulida, akajaribu kutabasamu. "Nitakuwa mke wa muda mfupi, Twalha. Usinichoke tu."

Ndipo alipomwambia. Hakupamba.

"Nilibadilisha chupa zenu. Yako nikampa Chausiku, yake nikakupa wewe."

Maulida alisikiliza vigelegele vya upande wa pili wa ukuta.

"Kwa nini Chausiku?"

"Nilimwona amenawiri. Nikadhani yeye ndiye mwenye dawa."

"Kwa hiyo ulikusudia kumwibia."

"Kwa ajili yako, mpenzi."

"Usinitie humo. Ungebahatisha nikapona, ungeniambia?"

Twalha alitaka kudanganya, ila uongo ulikuwa umemwishia. "Nisingekwambia."

"Ningepona. Ningekuzalia watoto, ningekuombea dua kila sala, na mama wa watu angekuwa amelala kaburini Kiwangwa, mimi sijui kwamba nimeketi juu yake." Alisema bila kupandisha sauti. "Nyanyuka. Nenda kwa Dokta Blandina, leo hii, ukamwambie. Nataka dawa yangu."

"Na sisi?"

"Dawa kwanza."

Mjinga yule alilishika neno "kwanza" kama ahadi. Alikwenda na kanzu yake ya posa, akaungama mbele ya daktari, akatoka hana kazi. Alipofika kwao alimkuta mjomba wake barazani na mahari imerudi, imefungwa vilevile. Maulida akarudishiwa dawa. Kwa majuma mengi Twalha alipiga simu kila asubuhi, na ilipokelewa mara moja tu.

"Umemeza?" aliuliza, roho juu.

"Nimemeza. Usipige tena."

Mwaka uliofuata Twalha alipata kibarua cha kuuza simenti na misumari kwenye duka moja la Zinga, barabara ya Dar. Adhuhuri moja waliingia mwanamke na mwanamume kununua mabati. Mwanamume aliitwa Mikdad, nyumba aliyokuwa akiiezeka ilikuwa ya bibi harusi wake, na aliitaja kila sentensi ya pili. Mwanamke alikuwa amenenepa, macho meupe, dera jipya la manjano. Nyonga haikupona, haitapona, alichechemea mpaka kaunta. Lakini mkongojo hakuwa nao, wala maumivu hayakuwa usoni mwake.

Twalha alishika kaunta kwa mikono miwili. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa mwaka mzima, ya kuomba radhi, ya kumwita mpenzi walau mara moja ya mwisho.

Maulida alimtazama bila chuki wala haraka, kama anavyotazamwa mzee wa mtaa. Akainamisha kichwa kidogo, mbele ya mchumba wake, kwa adabu zote za pwani.

"Shikamoo," alisema.

Mikdad naye, kwa kumfuata mwenzake, akasema shikamoo. Wote wawili wakasubiri, na salamu ile haikataliwi.

"Marahaba," alijibu Twalha, akaenda nyuma kuhesabu mabati.