Maji ya Roketi Hayanywewi

Siku ya gulio la Ulaya, kijiji kilicho jirani na Mikumi, Mwanakheri aliuza mahindi yake mapema, akarudi nyumbani. Alimkuta mumewe, Ashrafu, ameketi barazani na chupa nyeupe isiyo na maandishi.

"Nini hicho, Baba Mudi?"

"Maji ya roketi. Muuzaji mmoja wa gulioni, mwenye kipaza sauti, anasema yanasukuma vyombo vya angani. Vidonda vyangu vya tumbo ni nini mbele yake?"

Kabla mkewe hajamjibu, akanywa kijiko. Mara povu likamtoka mdomoni. Akajikunja, akatapika damu.

Mwanakheri aliita bodaboda. Wakampakia katikati, na ile chupa wakaibeba, hadi hospitali ya Mikumi. Ashrafu akalazwa. Baada ya kitambo Daktari Yusta akatoka wodini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Atapona?"

"Atapona. Koo na tumbo vimeungua, lakini umemwahisha. Hii ni kemikali iitwayo haidrojeni peroksaidi, tena kali mno."

"Kwa hiyo ya roketi ni uongo."

"Hapana, mama. Ni kweli, na ndiyo maana nimekasirika." Daktari akaketi kando yake. "Roketi kubwa huchoma vitu viwili pamoja. Lakini chombo kikishafika angani kinahitaji injini ndogo za kukigeuza. Nyingi hutumia kimiminika kimoja tu. Hakiwashwi kwa kiberiti. Kinapitishwa kwenye madini fulani, kinavunjika chenyewe, kinakuwa gesi ya moto. Gesi ikitoka kwa nguvu upande huu, chombo kinasukumwa upande ule."

"Na kimiminika chenyewe ndicho hiki?"

"Zamani vyombo vingi vilitumia hiki. Vipo vinavyokitumia hata leo. Lakini kikikaa muda mrefu kinapungua nguvu. Wataalamu wakahamia kingine, haidrazini, inayodumu miaka mingi. Hiyo ndiyo inayogeuza setilaiti nyingi, zikiwemo za kutazama mvua. Nayo ni sumu. Wanaoijaza huvaa mavazi maalumu mwili mzima. Sasa wanatafuta kimiminika kisicho na sumu kali hivyo."

Mwanakheri aliitazama ile chupa. Hasira ikampanda. Wenye elimu wanajifunika mpaka vidole, na mume wake kanyweshwa kwa kijiko cha chai.

Gulio lililofuata alikwenda na afisa afya wa kata, Bwana Danieli. Muuzaji alikuwa palepale, watu wamemzunguka.

"Unanijua?" Mwanakheri aliuliza. "Mume wangu alikunywa dawa yako. Yuko hospitali, koo limeungua."

"Alizidisha, mama. Ni kijiko kimoja tu."

"Alikunywa kijiko kimoja. Sasa kunywa na wewe, tukuone."

Muuzaji alikitazama kijiko cha dawa ambacho Mwanakheri alimnyoshea. Hakukipokea. Kipaza sauti kikashuka mkononi mwake, na watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja akairudisha chupa yake mezani. Wengine wakafuata. Bwana Danieli akazikusanya zote, akaita polisi, nao wakamchukua muuzaji.

"Dawa isiyo na maandishi msiinunue," Bwana Danieli aliwaambia. "Mtu akinywa kitu kikali, msimtapishe. Kitamuunguza mara ya pili. Mpelekeni hospitali, na chupa yake."

Ashrafu alipopata nafuu alipimwa vidonda vya tumbo na kupewa dawa zake. Alizimaliza zote. Sasa anakula ugali bila kujishika tumbo.

Majirani humuuliza alidanganywaje, mtu mzima.

"Angenidanganya kwa uongo ningemshtukia," huwajibu. "Alinidanganya kwa jambo la kweli."