Koo la Kupashia

Abrahman alikwisha kufunga mdomo, lakini sauti iliendelea.

Ilikuwa alasiri, mwaka wa sitini, nyumbani kwake Machomane, mjini Chake Chake. Alikuwa katika chumba cha uani akipasha sauti, kama kawaida yake kabla ya kwenda kuimba. Alikwisha kunywa tangawizi na asali, akavuma midomo ikiwa imefungwa, akapanda pole pole, akashuka. Alipotulia kumeza mate, mvumo ukapanda tena peke yake, ukafika pale ambapo yeye hufika kwa kukunja uso, ukapita.

Mtu mwingine angetoka mbio. Abrahman alikasirika. Hakuwa mwimbaji mbaya, lakini sifa alizojipa zingetosha kijiji kizima. Wenzake wa taarabu aliwaita wapasua kuni, na waliokuja kumsikiliza aliwaona washamba wasiojua muziki. Kwa hiyo alijua papo hapo kuwa ni Jecha, mpiga fidla wao, kajificha nyuma ya ukuta anamwigiza kwa husuda. Akazunguka nyuma. Palikuwa na mgomba na kuku.

Aliyeanza kuogopa ni mkewe, Hamdiya, binti wa Wingwi, aliyezoea kuambiwa aache kutwanga, aache kukohoa, aache hata kufagia, kwa kuwa bwana anapasha. Siku moja mumewe yuko sokoni, naye anachagua mchele ukumbini, akasikia chumba cha uani kinaanza. Kwanza mvumo. Halafu "aaa" ndefu ikipanda, na kila ikipanda harufu ya udi ikazidi kuingia ukumbini, ingawa chetezo kilikuwa baridi. Abrahman aliporudi alimweleza kwa kunong'ona, huku akiutazama mlango.

"Ulinisikia mimi jana, ikakukaa masikioni," alisema Abrahman.

"Si wewe," alisema Hamdiya. "Ilikuwa nzuri."

Abrahman alinuna wiki nzima.

Kwenye harusi iliyofuata, alipofungua kinywa, sauti ile ilitoka kwake. Wanawake walilia, na Jecha akasahau kupitisha upinde. Mwenye akili angejiuliza imetoka wapi. Abrahman alijiambia kwamba hatimaye amekomaa. Akawa anatafutwa mpaka Wete na Mkoani, na kila akirudi hakuona, au hakutaka kuona, kwamba mkewe amekonda, kwamba analala kajifunga mtandio masikioni, na kwamba kila alasiri, mume awepo asiwepo, chumba kile kilikuwa kikipasha, sauti ikipanda na kushuka kwa subira ya mtu mwenye shughuli kubwa mbele yake, udi ukianza kuchanganyika na uvundo kama wa kisima alimofia mnyama, na kila siku ikisogea, leo kwenye kizingiti cha uani, kesho nyuma ya kiti alichokalia Hamdiya, karibu mno hata vinyweleo vya shingo yake vikapepea kwa pumzi.

Hamdiya ndiye aliyemwita Bi Time, mganga wa kwao Wingwi. Bi Time alifukiza, akamkalisha Abrahman chini ya shuka jeupe, akasoma mpaka taya za mwanamume zikaachana na sauti ikatoka bila ulimi wake kutikisika. Bi Time akauliza inataka nini kwa mtu huyu.

"Huyu?" ilisema sauti, kama aliyeulizwa habari ya kandambili. "Sitaki kitu kwake. Hili ni koo la kupashia."

"Unapasha kwa shughuli gani?"

"Harusi yangu."

Bi Time hakugeuka, ila mkono wake uliutafuta mkono wa Hamdiya, ukaukamata.

Shuka lilipoondolewa alimweleza Abrahman waziwazi. Jini yule ni wa mahaba, na anayemtaka ni Hamdiya. Kumtoa kunawezekana siku ile ile, lakini atatoka na sauti zote mbili, yake na ya Abrahman, na Abrahman hataimba tena. Hamdiya alimtazama mumewe. Abrahman alifikiri kidogo, kisha akauliza kama haiwezekani kungoja mpaka keshokutwa, maana kesho alasiri ana harusi ya wakubwa, na watakuwepo watu wa kurekodi santuri kutoka Unguja.

"Mkeo amekaa hapa, Abrahman," alisema Bi Time kwa sauti ya chini. "Anakusikia."

"Siku moja tu, Bi Time."

Mganga alikusanya vyetezo vyake. Alitaka kuondoka na Hamdiya, lakini Abrahman alikataa kutoa ruhusa. Nani, aliuliza, atamchemshia tangawizi kesho?

Kesho yake alisimama mbele ya wakubwa, fidla zikamfungulia njia, akapanua kinywa, ikatoka pumzi. Alikohoa, akajaribu tena, na tena, huku Jecha akirudia utangulizi na watu wa nyuma wakianza kucheka, mpaka katikati ya vicheko vile akaelewa kwamba kama sauti haipo kooni mwake basi ipo mahali pengine, akaacha kofia ianguke, akakimbia kupita vichochoro, na kabla hajaifikia nyumba yake akakutana na udi, na chini ya udi uvundo, na juu ya vyote sauti ile, safari hii haikuwa ikipasha, ilikuwa na maneno. Mlango umekomewa ndani. Akaupiga kwa ngumi.

"Usigonge," alisema Hamdiya, pole pole, karibu kabisa na mbao. "Anaimba."

Majirani waliuvunja mlango magharibi. Nondo za madirisha zilikuwa nzima, chetezo kina moto. Hamdiya hakuwepo, wala hakuonekana tena, si Wingwi wala kwingineko.

Soud, kaka yake, alikuja na swali moja. Alimuuliza shemeji yake alikuwa wapi dada yake alipochukuliwa. Abrahman alikuwa amebakiwa na pumzi tu, ikabidi Soud ainame kumsikia.

"Nilikwenda kuimba."

Soud alimtazama toka utosini mpaka miguuni, akavaa viatu vyake, akaondoka.