Mshale wa Masijala

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa napeleka shuka safi wodi ya wagonjwa mahututi, alikolazwa mdogo wangu, kitanda namba saba. Simu ikalia.

"Mwanangu, uko hospitali?"

Alikuwa Bi Muhuri, karani wa masijala ya vifo.

"Niko, mama."

"Pita kwangu. Kipanya cha kompyuta kimerukwa na akili."

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo. Nimesota chuo kikuu miaka minne, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaambia watu wazima wachomeke waya. Nilijua ni dakika tano.

Nje ya wodi, kwenye benchi, mke wa mgonjwa wa kitanda namba nane alinisogezea nafasi.

"Kaa, dada. Wangu leo kaomba kioo, kanyoa ndevu. Daktari kasema Ijumaa tunarudi nyumbani."

"Ndevu? Huyo anatafuta mke wa pili."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikamwachia shuka ampe nesi, nikateremka.

Masijala iko chini kabisa, mwisho wa korido isiyo na dirisha. Ilinuka wino, karatasi... na pamba mpya, ile inayotumika chumba cha maiti, jirani yake.

"Angalia," Bi Muhuri akanong'ona. Mikono yake alikuwa ameikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Mshale ulikuwa unatembea kwenye skrini. Polepole. Haukurukaruka kama mshale wa kipanya chenye vumbi. Ulikuwa unashuka kwenye orodha ya majina, ukisita kila mstari... kama mtu anayesoma kwa kidole.

Nikakigeuza kipanya, nikapuliza pale penye taa. Nikakiweka juu ya daftari, maana meza yake ina kioo, na kioo hukichanganya. Nikabadili tundu la waya. Nikaingia kwa jina langu na nywila yangu, nione kama tatizo liko kwenye akaunti yake.

Mshale ukaendelea kushuka.

"Basi kuna mtu anauendesha kutoka mbali," nikasema, nikachomoa waya wa mtandao.

Ukaendelea.

Nikachomoa kipanya chenyewe.

Tk.

Kilibonyea mkononi mwangu, waya ukining'inia hewani.

"Mama, majina haya ni ya nani?"

"Rasimu za vyeti vya vifo. Wale wa mahututi nawajaza mapema. Jina, umri, ugonjwa. Nabakiza saa tu. Ukitokea msiba, ndugu wasisote kwenye foleni."

"Kwa hiyo hawajafa."

"Mimi nilikuwa nasubiri wafe." Akatazama mlango. "Tangu Jumatatu, huu mshale hausubiri. Unabonyeza 'Thibitisha' kwanza. Halafu ndiyo wodi inapiga simu."

Siku nyingine ningemcheka. Lakini mshale ulikuwa umesimama, na chini yake lilikuwa jina la mdogo wangu. Miaka ishirini na mitatu. Limeandikwa vizuri, bila kosa hata moja.

"Umemjaza mdogo wangu?"

"Jana daktari alitikisa kichwa, mwanangu. Nikasema nikusaidie..."

Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Kimya. Nikang'oa umeme ukutani; betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia, pii... pii... na skrini ikabaki inawaka. Fomu ikafunguka. Saa ikajijaza yenyewe: kumi na mbili na dakika arobaini na moja.

Saa ya ukutani ilisema arobaini.

Mshale ukaanza kuelekea "Thibitisha".

Nikachomeka kipanya, nikakivuta kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kama ndoo ya kisimani, na huko chini mtu ameishikilia. Kikakataa kushoto. Kikakataa kulia. Kikakubali upande mmoja tu.

Chini. Fomu inayofuata.

Kitanda namba nane.

"Huyu si amepona?" nikauliza.

"Nilimjaza wiki iliyopita. Nilisahau kumfuta."

Nilijua ni nani. Nilijua amenyoa ndevu.

Nikavuta.

Tk.

Printa ikaamka. Simu ya mezani ikalia, ikalia. Bi Muhuri hakuipokea.

Daktari alisema damu ya namba nane iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Hutokea kwa waliolala siku nyingi. Inaelezeka. Mshale nao unaelezeka: kioo, vumbi, saketi mbovu. Nimeandika ripoti ya ukurasa mmoja na wakubwa wameipokea. Mdogo wangu aliamka alfajiri akaomba maji. Bi Muhuri alifuta rasimu zote, akaomba likizo.

Siku ya tatu, mke wa namba nane akanikuta kwenye korido. Karatasi mkononi, miwani kaisahau nyumbani.

"Dada, nisomee hapa chini. Aliyethibitisha ni nani? Nataka nimshukuru. Karatasi ilikuwa tayari kabla sijamaliza hata kulia."

Nikasoma. Lilikuwa jina langu. Ndiyo, niliingia kwa nywila yangu, sikutoka. Hilo nalo linaelezeka.

"Ni mfumo, dada," nikasema. "Hakuna mtu."

"Huo mfumo unakaa wapi?"

Nikaubana mkoba kwapani. Kile kipanya nimekitupa jalalani mara mbili, na mara zote mbili nimekikuta humo, kati ya funguo na kitana.

Akakunja karatasi yake taratibu, akiniangalia usoni.

"Mdogo wako anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

Tk.

Akautazama mkoba.