Pete ya Mama Mkwe

Mkwaruzo ulikuwa umerefuka.

Jana uliishia kwenye kitasa cha mlango wa nyuma wa gari. Leo ulifika kwenye taa. Mama wa nyumba aliumwagia maji, kama fundi alivyomwelekeza: ukipotea kwa maji, haujafika kwenye rangi, utaondoka kwa msasa laini na dawa ya kung'arishia. Ulipotea. Maji yakakauka, ukarudi.

"Maliza leo basi," mumewe alisema kutoka dirishani. "Mnunuzi anakuja kesho. Mama naye alituachia kazi, Mungu amrehemu."

Mkewe alichovya msasa majini. Mkwaruzo ule aliuweka yeye, kwenye nguzo ya geti, akirudisha gari nyuma huku akigombana na mtu kwenye simu. Mumewe alipouliza, alisema ni pete ya mama mkwe, aliyekuwa haoni, na kila jioni alitoka kutembea uani akipapasa ubavu wa gari. Uongo mdogo, wa kuokoa jioni moja. Mwana akamgombeza mamaye kama mtoto. Bibi alisema tu, "Haya, baba, sitaligusa tena," akaingia chumbani. Hakutoka nje tena mpaka alipotolewa amebebwa.

Alisugua. Alipopumzisha mkono, akasikia: krrr. Chuma juu ya chuma, taratibu, upande wa pili wa gari. Akazunguka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya mafuta ya kuchua magoti, na mkwaruzo mpya, ulioruka kutoka kwenye gari hadi ukutani, ukaambaa na ukuta kwa kimo cha mkono wa mtu aliyepinda mgongo, ukapita dirisha la jiko, ukakata kona, ukaingia mlangoni kama mwenyeji, na vumbi la rangi lilikuwa bado linadondoka.

Alimkuta mumewe koridoni, akiutazama. "Nani kafanya hivi?"

Ulimi ulitangulia akili. "Si huyo binti yako! Nimemkanya mpaka nimechoka."

Krrr. Ile sauti, iliyokuwa ikielekea sebuleni, ikasimama, ikageuka, ikaanza kwenda chumba cha mtoto, ambako binti yao alikuwa akiimba huku akipanga madaftari, na wimbo ukakatika katikati, na mtoto akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi?"

"Ni mimi!" mama alipiga kelele. "Niligonga geti mimi! Mama hakuligusa gari kabisa!"

Krrr ikakoma mlangoni kwa mtoto.

"Mwaka mzima," mumewe alisema polepole. "Mwaka mzima mama yangu hakuota jua."

Hapo ndipo mkono ulipotua begani mwa mkewe. Mwepesi, mkono wa kipofu anayesubiri kuongozwa, na pete yake ya baridi.

"Haya, mwanangu," sauti ikanong'ona sikioni. "Nipeleke nje."

Mikwaruzo ilifutika yenyewe, bila msasa. Gari halikuuzwa. Kila jioni majirani humwona yule mama akilizunguka taratibu, bega moja limeshuka, akizungumza peke yake:

"Hapa kuna ngazi, mama. Inua mguu."