Miraba Sita Kulia, Mmoja Chini

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, ndoo za wanafunzi zilipanga foleni chini ya tenki la shule. Shule ilikuwa kilimani, wilayani Muleba, migomba imeizunguka pande zote. Maji yalipandishwa na pampu ya umeme wa jua. Asubuhi jua lilikuwa bado dogo, pampu ikasukuma maji kidogo, na ndoo zikayamaliza haraka. Jua lilipochachamaa, pampu nayo ilichangamka na tenki likaanza kujaa tena.

Tabia hiyo ya tenki ndiyo Kemilembe na Mujuni wa kidato cha pili walitumwa kuichora kwenye karatasi za grafu. Jumamosi shule ingepeleka kazi moja kwenye maonyesho ya hisabati mjini Bukoba, na Mwalimu Rutaihwa aliwachagua wao wawili.

Kemilembe alipima Jumanne. Kila baada ya saa moja alipanda ngazi na kutumbukiza ufito wenye alama za sentimita mpaka uguse sakafu ya tenki. Mujuni alipima Jumatano. Yeye na ngazi hawakupatana. Alitumia mrija mwembamba wa mpira unaoonyesha ndani, uliosimama ubavuni mwa tenki, ambamo maji yalionekana kwa nje, akaweka rula yake hapo. Muda aliusoma kwenye saa ya mkononi aliyopewa na kaka yake, saa ambayo alikuwa haachi kuionyesha. Mchana alikabidhi karatasi yake, akaondoka na mama yake kwenda Rubya kumwona bibi yake aliyelazwa.

Alhamisi Mwalimu Rutaihwa aliweka karatasi mbili mezani.

"Kemilembe, wewe unasema maji hupungua kabisa saa nne, yanabaki sentimita arobaini na tano. Mwenzako chini kabisa ameweka saa kumi, na maji sentimita thelathini na tano. Nimwambie nini mkuu wa shule?"

Kemilembe aliinama kutazama. Mchoro wake ulianzia kwenye moja ukaishia kwenye sita. Wa Mujuni ulianzia kwenye saba ukaishia kwenye kumi na mbili.

"Amepima jioni!" alisema. "Tena jioni gani, mwalimu? Jana mchana alikuwa ameshakwenda Rubya! Huyu amekaa chini akatunga namba."

Mwalimu akamsogezea karatasi zote mbili.

"Nenda nazo nyumbani. Kesho niletee maelezo. Kama ni kweli ametunga, hatakwenda Bukoba. Lakini uwe na hakika."

Jioni, mama yake Kemilembe alikuwa akimenya ndizi mlangoni, begi lake la madaftari likiwa tayari pembeni. Mama alisoma masomo ya jioni katika kituo cha elimu ya watu wazima, na hakupenda kuchelewa. Akamwona binti yake ameshika kifutio.

"Unafuta nini, mwanangu?"

"Namba za Mujuni, mama. Nazisawazisha na zangu ili kazi iende Bukoba."

"Ulikuwepo alipopima?"

"Sikuwepo."

"Basi unafuta nini ambacho hukukiona?" Mama aliweka kisu chini. "Kama amekosea, atafuta kwa mkono wake. Ukimfutia wewe, huo nao utakuwa uongo, tena wako."

Kemilembe aliona aibu. Alikuwa amefuta namba moja tu. Akairudisha kama ilivyokuwa, akaweka karatasi moja juu ya nyingine na kusimama dirishani ili azikunje. Mwanga ukapenya, na michoro yote miwili ikaonekana kwa pamoja. Akashangaa. Kila mmoja ulikuwa na umbo la bonde, na mabonde yale yalilingana kwa upana na kwa kina!

Alisogeza karatasi ya Mujuni kushoto, mraba mmoja, miwili, mpaka sita, kila mraba ukiwa saa moja. Akaipandisha mraba mmoja, ambao ulikuwa sawa na sentimita kumi. Bonde likalala juu ya bonde.

"Mama, ni umbo lilelile! Limehama tu! Mtu hawezi kutunga hivi. Lakini kwa nini miraba sita?"

"Waitu, jamani, mimi huko kwenye michoro sijafika," mama alicheka. "Hebu nitazamie simu, nisije nikachelewa."

"Kumi na saba kamili."

"Saa kumi na moja! Ndizi zimalizie wewe!"

Kemilembe alibaki ameishika simu.

"Mama, nimesoma kumi na saba. Kumi na moja umeitoa wapi?"

"Si nimetoa sita? Simu inahesabu Kizungu, sisi tunahesabu Kiswahili. Natoa sita kila siku, mbona?"

Kemilembe aliruka hadi ndizi zikamwagika. Saa ya Mujuni! Nayo ilihesabu Kizungu, na yeye hakutoa sita. Saba yake ilikuwa saa moja asubuhi, na kumi yake ilikuwa saa nne.

Ijumaa alfajiri alikwenda moja kwa moja kwenye tenki. Ule mpira wa pembeni ulianzia kwenye bomba, na bomba lilikuwa juu kidogo ya sakafu ya tenki, kwa hiyo rula ya Mujuni haikuanzia sakafuni. Akapima. Sentimita kumi kamili.

Mujuni alipofika, Kemilembe alimpokea langoni. "Nisamehe. Nilisema umetunga namba. Tena nilifuta moja kabla mama hajanizuia."

Mujuni aliinua mkono wenye saa. "Mimi sawa. Ila hii umeitukana. Iombe radhi."

Darasani Mwalimu Rutaihwa alibandika michoro yote miwili ubaoni.

"Kanuni ya mchoro wa Kemilembe tuiite f, ya Mujuni tuiite g. Mujuni amekaa kulia kwa sita na chini kwa kumi. Nani ataniandikia g kwa kutumia f?"

Kemilembe alishika chaki, akaandika: g(x) = f(x − 6) − 10.

"Mchoro umekwenda kulia, yeye anatoa!" Bashiri alipiga kelele kutoka nyuma. "Kulia ni kujumlisha! Waitu, huyu atatuletea kapu la sifuri kutoka Bukoba!" Darasa likaangua kicheko.

Kemilembe alimgeukia mwenzake. "Mujuni, saa yako inasoma kumi. Kwenye karatasi yangu utatafuta wapi?"

"Kwenye nne."

"Umefanya nini kuipata nne?"

"Nimetoa sita."

"Basi. Namba zake ni kubwa kuliko zangu, ndiyo maana amekaa kulia. Lakini akitaka kuitumia kanuni yangu, ni lazima kwanza atoe sita. Mimi kwenye nne nina arobaini na tano. Toa kumi za chini ya bomba, thelathini na tano. Bashiri, njoo usome karatasi ya Mujuni."

Bashiri alikuja akijikokota. Akasoma. "Thelathini na tano," alisema kwa sauti ndogo, na darasa likalipuka kwa makofi.

Jumamosi, mjini Bukoba, jaji mmoja mwenye miwani alisimama muda mrefu mbele ya meza yao.

"Saa yangu iko nyuma kwa saa moja," alisema. "Ningepima tenki lenu kwa saa hii, mchoro ungekaa wapi?"

"Kushoto mraba mmoja," alisema Mujuni.

"Na kwenye kanuni tungejumlisha moja," alimalizia Kemilembe.

Jaji alitabasamu na kuandika. Mchana shule yao ilitangazwa ya kwanza, na mama yake Kemilembe, aliyekuja na begi lake la madaftari, alipiga vigelegele ukumbi mzima ukageuka.

Nje, Mwalimu Rutaihwa aliwashika mabega wote wawili.

"Mmeshinda kwa sababu hamkuficha namba hata moja," alisema. "Na kuanzia leo, mtu akiwaletea jibu lisilofanana na lenu, msianze kumwita mwongo. Muulizeni kwanza ameanzia kuhesabu wapi."

"Nimesikia, mwalimu," alisema Kemilembe. Kisha akauinamia mkono wa Mujuni. "Na wewe saa, naomba radhi."