Vidonge Vile Vile

"Anashuka ngazi! Mlango wa nyuma, dada!"

Jasusi Mwiba aliruka vidato vitatu vitatu, bastola ya Beretta mkononi. Sauti sikioni mwake ilikuwa ya mdogo wake, mwendesha mitambo wa idara.

Changamfu mno. Ilimkera.

Miezi minane iliyopita operesheni moja iliwaua wenzao wawili, nao wakarudi hawali wala hawalali. Daktari wa idara akawapa vidonge vile vile vya sonona. Mdogo mtu akapona ndani ya miezi miwili, na sasa anaimba hata anapopiga mswaki. Mwiba angali anameza tu, na kila asubuhi kutoka kitandani ni vita.

Tumbo moja, dawa moja. Mwenzake ana nini?

Alimwonea wivu.

Nje, fundi wa maabara aliyekuwa akimfukuza alikuwa keshawasha Yamaha, kisanduku kifuani. Ndani mlikuwa na mate ya majasusi wote wanaotibiwa, pamoja na majibu ya vinasaba vyao. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka kujua dawa gani itamwangusha jasusi gani.

Mwiba alifyatua mara moja. Tairi likapasuka. Pikipiki ikaenda huku, fundi kule.

"Ngoja!" Fundi alichomoa karatasi. "Majibu yako haya, na ya mdogo wako. Niache niende, ujue kwa nini yeye kapona."

Mwiba akaganda. Aliitaka karatasi ile kuliko pumzi.

"Dada? Mbona kimya?"

Mkono wa fundi ukateleza kiunoni kwake, penye bastola.

Mwiba aliukanyaga. Bastola ikaanguka. Teke likamzimisha fundi, na karatasi ikarudi kisandukuni bila kusomwa.

Mchana daktari alimweleza mwenyewe.

"Ini lako lina haraka. Linaivunja dawa kabla haijafanya kazi. Ndivyo ulivyorithi, mwenzio karithi vingine. Tutajaribu dawa nyingine."

"Kwa hiyo si uzembe wangu?"

"Nani kakwambia uzembe?"

Barabarani alibonyeza redio.

"Mdogo wangu, nimekuonea kijicho miezi yote hii. Ukicheka, natamani upaliwe."



"Najua, dada. Na mimi nikazidi kucheka makusudi. Tangu nizaliwe, sijawahi kuwa na kitu ambacho wewe huna."

Mwiba alivaa miwani yake ya Ray-Ban.

"Basi kifaidi upesi," alisema. "Dawa mpya ninayo. Nakuja."

Akavuka barabara bila kugeuka nyuma.